Anti, niliishiwa nguvu ndani ya mashine ya baridi, boss anasema ni njaa

Anti shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 27, kwetu Muheza, ila huu mwaka wa pili niko Dubai, nakaa Deira tunashea chumba wasichana sita, nafanya kazi kwenye spa. Niliajiriwa mapokezi, kushika simu na kupanga miadi ya wateja basi, sasa mwezi wa tano kaka mmoja Mfilipino aliyekuwa anaendesha mashine ya baridi akaenda likizo hakurudi, boss akanifundisha siku mbili akaniambia kuanzia leo wewe ndo mwenye mashine.

Kwa wasioijua, ni kama pipa refu lenye mlango, mteja anaingia na nguo ya ndani, soksi na glovu tu, anasimama kichwa kimetokeza juu, unabonyeza, unatoka moshi mweupe wa baridi kali, skrini inasoma hasi 130 mpaka 140, dakika tatu ametoka. Wenyewe wanaita krayo. Wanakuja wacheza mpira, wanakuja wamama wa mjini wanaotaka kupungua, wengine wana migongo na magoti. Kinachotoa baridi ni naitrojeni, inaletwa kwenye mtungi mkubwa unanifika kifuani, na huo mtungi upo humohumo chumbani nyuma ya pazia. Chumba hakina dirisha.

Sisi wafanyakazi tumeruhusiwa kuingia bure tukishafunga. Nimeingia kama mara nne na sikufichi Anti nilipenda, miguu inayouma kwa kusimama kutwa inakuwa myepesi na usiku nalala kama mtoto. Mwenzangu mmoja ndo anaingia karibu kila siku, na mara nyingi anabaki peke yake saa nne usiku sisi wengine tushapanda basi.

Sasa lililonileta. Alhamisi iliyopita mteja alitoka akawa ameangusha glovu moja mle chini, na mwingine ashafika anasubiri, nikaingia haraka nikainama kuiokota na kufuta majimaji kwenye kizulia. Moshi ulikuwa bado upo kidogo usawa wa miguu. Hata sijui nisemeje, sikukabwa, sikukohoa, sikusikia harufu yoyote, masikio tu yakaanza kuvuma, halafu giza likaja kutoka pembeni ya macho, magoti yakaisha. Bahati nilikuwa nimeuegemea mlango, ukafunguka nikaangukia nje kwenye vigae. Nikakaa kama dakika moja hivi nikawa sawa kabisa, hata yule mteja nikamhudumia. Nilipomwambia boss akasema hujala wewe, nyie mabinti mnajinyima chakula mpungue, akaninunulia juisi. Na kweli mchana sikuwa nimekula. Lakini Anti mimi nimefunga Ramadhani nzima huku na sijawahi kuanguka.

Kuna kitu kingine sijui kama kinahusiana. Ukutani kulikuwa na kikasha kidogo chenye taa ya kijani, mwezi wa sita kikaanza kulia pii pii kila siku jioni, wateja wakawa wanalalamika, boss akakichomoa akakiweka kwenye droo ya mapokezi. Kipo mpaka leo.

La mwisho ni mama. Anakuja kunitembelea mwezi wa kumi na mbili, ana miaka 61, ana presha anameza dawa kila siku, magoti yamechoka mpaka anaswali kwenye kiti. Nilitaka nimpe zawadi ya kumwingiza mara mbili tatu maana boss kakubali. Mwenyewe hana wasiwasi, anasema krayo anaijua, ashafanyiwa hospitali huko nyumbani walipomkuta na mabadiliko kwenye shingo ya kizazi na hakudhurika. Je ni salama? Na mimi niendelee? Kazi naihitaji Anti, nina wadogo zangu wawili wanasoma.

Mimi wa Deira

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ile sehemu ya glovu imenitoa jasho. Nikupe la haraka kwanza. Ile haikuwa njaa. Usiingize tena kichwa ndani ya lile pipa, usiiname mle kwa sababu yoyote ile, glovu ikidondoka ivute na fimbo au iache, na yule mwenzako mwambie leo hii, sio kesho, aache kuingia peke yake usiku. Mengine tunaongea taratibu.

Njaa haimwangushi mtu akiwa kainama ndani ya kitu halafu ikamrudishia nguvu zake zote dakika moja baada ya kutoka. Hewa ndo inafanya hivo. Wewe ulikosa oksijeni.

Naitrojeni mimi nimekua nayo. Baba yangu alikuwa mtu wa mifugo huko Rungwe, kazi yake kupandisha ng'ombe kwa mbegu zilizogandishwa, na zile mbegu zinatunzwa kwenye mtungi wa naitrojeni ya maji, hasi 196. Sisi watoto ule mtungi ndo ulikuwa sinema yetu. Akifungua anatumwagia matone mawili matatu kwenye sakafu ya saruji, yanakimbia kama maji kwenye kikaango cha moto, na moshi mweupe unatambaa chini unatuzunguka vifundoni, haupandi juu. Anachovya jani la mgomba, akiligonga linavunjika kama kioo. Lakini alikuwa na mwiko mmoja hakuwahi kuuvunja, mtungi haulali ndani ya nyumba. Mvua za Tukuyu unazisikia, mama anamwambia ingiza hicho kitu kitaibiwa, anakataa, kinalala barazani kimefungwa mnyororo. Kwenye gari kinakaa nyuma, na siku ikibidi kikae mbele basi vioo vyote vinashushwa hata kama ni ile baridi ya Julai, sisi tunatetemeka tunanung'unika.

Nimekuja kumwelewa ukubwani. Lita moja ya naitrojeni ya maji ikichemka inakuwa karibu lita 700 za gesi. Chukua chumba cha mita tatu kwa tatu, dari mita mbili na nusu, hicho kina lita 22,500 za hewa. Zikivuja lita tano tu za maji yale unapata lita 3,500 za gesi, na kwa kuwa huko kwenu hakuna dirisha, oksijeni ambayo kawaida ni asilimia 21 inashuka mpaka karibu 18. Na hiyo ni chumba kizima kwa wastani, ndani ya pipa kwenyewe chini kule ambako gesi ni ya baridi na nzito, hali ni mbaya zaidi mara nyingi. Ndo maana mteja anasimama kichwa nje. Kidevu lazima kiwe juu ya ukingo, mtu mfupi anainuliwa kwa kile kijukwaa, na mashine ikishawashwa hakuna kuinama wala kuchuchumaa. Wewe ulipoinama ulipeleka pua yako palepale pasipo na hewa ya kuvuta.

Boss wako au muuzaji wa mashine atakwambia naitrojeni sio sumu, hewa yenyewe tunayovuta asilimia 78 ni naitrojeni. Ni kweli kabisa, sio sumu. Shida ni kwamba inakaa mahali pa oksijeni, na mwili haukupi taarifa. Kinachomfanya mtu ahangaike akizibwa pumzi ni kaboni dioksaidi kujaa, sio oksijeni kupungua, sasa kwenye naitrojeni unaendelea kuitoa kaboni dioksaidi kama kawaida, kifua kinapanda kinashuka, kwaiyo hukabwi, hukohoi, huogopi, kama ulivyosema mwenyewe. Ikiwa ni naitrojeni tupu, pumzi chache tu mtu kashazima. Halafu ule moshi mweupe usikudanganye, ule ni unyevu wa hewani umeganda kwa baridi, gesi yenyewe haionekani wala hainuki, moshi ukiisha haina maana gesi imeisha.

Huko nyumbani tunavijua visima. Mtu anashuka kisimani au kwenye shimo la choo, anazima, mwenzake anamwona anaruka kumwokoa, naye anazima, wa tatu anafuata. Kila mwaka tunazika watu hivo. Lile pipa lenu lichukulie kama kisima kilichowekwa taa nzuri.

Na haya yameshatokea, tena kwa wafanyakazi kama nyie. Oktoba 2015 huko Henderson, Nevada, jirani na Las Vegas, binti wa miaka 24 aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la krayo aliingia kwenye mashine peke yake baada ya kufunga, wenzie wakamkuta amekufa siku ya pili yake. Wachunguzi wa vifo wakasema alikufa kwa kukosa hewa ya oksijeni. Aprili 2025 Paris, kwenye gym moja, mfanyakazi wa kike alifariki na mtu mwingine akapelekwa hospitali hali mbaya, na kilichoshukiwa tangu mwanzo ni naitrojeni kuvuja kwenye mashine ya namna hiyohiyo. Mteja anakaa humo dakika tatu anaondoka. Wewe upo kwenye kile chumba kutwa, na mwenzako yuko peke yake saa nne usiku, sasa akizima nani atajua? Hilo ndo limenifanya nikuandikie kwa urefu hivi.

Sasa kile kikasha mwanangu. Ile ni sensa ya oksijeni, kifaa kinachopima oksijeni iliyomo chumbani. Nyingi zimewekwa zilie oksijeni ikishuka chini ya asilimia 19.5. Kuanza kulia jioni kila siku naona ni kwa sababu wateja wa kutwa nzima washajaza gesi chumbani na hakuna pa kutokea, au kuna sehemu inavuja taratibu, yote mawili ni ya kutisha. Kilikuwa kinafanya kazi yake, kikaonekana msumbufu kikatiwa kwenye droo. Kirudishwe ukutani. Kikaguliwe pia, maana sensa hizi zinachoka baada ya miaka michache, na kilichochoka kinaweza kukaa kimya wakati hewa imeisha. Wakati hakipo, mashine isiwashwe. Na kikilia msikae kujadiliana kama ni betri, tokeni wote, mlango uachwe wazi.

Chumba kinataka feni ya kunyonya hewa na kuitoa nje ya jengo, sio AC inayozungusha hewa ileile. Mtungi ukae nje au mahali penye hewa, sio nyuma ya pazia. Na fundi wa gesi aangalie mipira na viungio.

Najua sio wewe unayeamua haya, na najua viza yako iko mikononi mwa nani. Kwaiyo usiende kwa ugomvi. Mwandikie boss kwa WhatsApp ili kuwe na kumbukumbu, maneno machache tu, kwamba tarehe fulani niliishiwa nguvu nikiwa nimeinama ndani ya mashine, naomba sensa ya oksijeni irudishwe na fundi akague kama kuna uvujaji, na mpaka hapo naomba nirudi mapokezi. Ongezea kwamba mteja akianguka mle spa inafungwa na kesi juu, lugha hiyo mabosi wengi wanaielewa haraka. Akikaa kimya au akikutisha, wizara ya kazi ya huko, MOHRE, inapokea malalamiko ya wafanyakazi. Najua una wadogo zako. Ndo maana nataka uendelee kuwepo wa kuwasomesha.

Na siku ukimwona mtu kazima ndani ya pipa, au kwenye chumba chenyewe, najua moyo utakwambia ingia. Usitie kichwa. Kama uko karibu na mlango wa pipa ufungue kwa mkono huku umesimama wima, bonyeza kitufe cha dharura, mvute nje, lakini kama chumba chote kimejaa au umekuta mtu kalala sakafuni, baki nje, fungua milango yote, piga 998 ambulensi au 997 zimamoto, wao wana mitungi yao ya hewa.

Nije kwenye baridi yenyewe, maana umeuliza kama ni salama. Kitu chenyewe sio uongo mtupu. Kilianzia Japani 1978, daktari Toshima Yamauchi akiwatibu watu wenye baridi yabisi, na maumivu yalikuwa yanapungua kwa muda wakaweza kufanya mazoezi ya viungo. Huo wepesi wa miguu unaousikia upo. Lakini wanaokuja wakiahidiwa kupungua unene, sijui kuondoa msongo, kutibu kila ugonjwa, wanauziwa maneno. Mwaka 2015 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, walikusanya majaribio ya krayo kwa maumivu ya misuli baada ya mazoezi, wakapata manne tu yenye watu 64 jumla, karibu wote vijana wa kiume, wakasema ushahidi hautoshi. Mwaka uliofuata mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikatangaza haijaidhinisha mashine hata moja ya aina hii kwa matibabu, ikataja hatari zake, kukosa hewa, kuungua kwa baridi, kuumia macho.

Kuungua kwa baridi kunaletwa zaidi na unyevu. Justin Gatlin, yule mkimbiaji wa mita 100, mwaka 2011 kabla ya mashindano ya dunia ya Daegu aliingia na soksi zenye majimaji akatoka na malengelenge miguuni. Kwaiyo jasho likaushwe, soksi na glovu ziwe kavu kabisa, za mteja aliyetangulia zisirudiwe. Wewe na wenzako mnaoswali, umetoka kuchukua udhu vidole bado vina maji, usithubutu kuingia. Cheni, bangili, pete, hata shanga za kiunoni kama zina chuma, vua. Mafuta mwilini yafutwe. Dakika tatu ziwe tatu, mteja akikuomba moja ya nyongeza mkatalie, na wewe husogei pale mpaka atoke, hata simu ya mapokezi ilie namna gani.

Kuna watu hawaingii kabisa hata mashine iwe mpya. Mwenye presha isiyotulia, mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewekewa betri ya moyo, mjamzito, mwenye damu iliyowahi kuganda mguuni, mwenye kisukari aliyeshakufa ganzi miguu maana hatasikia anaungua, anayevimba mwili au kutoka vipele akipigwa na baridi, ambaye vidole vyake vinageuka vyeupe kwenye baridi. Na mwenye seli mundu. Hapa nakuomba uwe makini na ndugu zetu, sisi wa Afrika Mashariki tunao wengi, na baridi ni moja ya vitu vinavyomwamshia mgonjwa yale maumivu makali ya mifupa. Fomu ya mteja kama haina swali la seli mundu, uliza kwa mdomo.

Zipo mashine nyingine, za chumba kizima zinazopozwa kwa umeme, mtu anaingia mpaka kichwa na anavuta hewa ya kawaida iliyopoa. Zile hazimwagi naitrojeni mtu alipo, kwaiyo hatari ya kuzima namna yako haipo kwa njia hiyo. Baridi yake nayo ni kali, hasi 110 huko, masharti ya mwili ni yaleyale.

Mama sasa. Hapana mwanangu, usimwingize. Baridi ya namna ile inabana mishipa yote ya ngozi kwa mpigo na presha inapanda palepale, mtu wa miaka 61 anayemeza dawa kila siku hatupimi bahati naye kwa ajili ya magoti. Na ile krayo aliyofanyiwa hospitali ni kitu kingine kabisa, wamefanana jina tu. Ile daktari anagusisha kichuma kidogo chenye baridi kwenye sehemu ndogo ya shingo ya kizazi, dakika chache, mama kalala anavuta hewa yake vizuri, inaua seli zilizobadilika kabla hazijawa saratani. Imeokoa wamama wengi sana na alifanya vizuri kukubali, mpongeze, ila muulize kama alirudi kuangaliwa tena kama alivyoambiwa, wengi wanasahau hapo.

Magoti yake yanataka vitu vya polepole. Misuli ya mapaja ikiwa na nguvu goti linapumzika, akae kwenye kiti anyooshe mguu mmoja mmoja aushikilie kidogo aushushe, asubuhi na jioni. Siku yakivimba, barafu iliyofungwa kwenye taulo dakika 15, isigusane na ngozi. Siku yakiwa yamekakamaa, kitambaa cha maji moto. Dawa za maumivu asinunue kiholela, nyingi ya hizo diklofenaki na ibuprofeni zinapandisha presha na kugombana na dawa zake, amuulize daktari wake kabla hajasafiri. Zawadi ukitaka kumpa, jioni jua likishuka mpeleke hapo Deira kando ya Creek, mtembee taratibu, mpande abra, zile boti ndogo za abiria, mvuke kwenda ng'ambo ya Bur Dubai kwa dirham moja, mrudi.

Na wewe nenda ukapimwe damu na presha, umweleze daktari ulivyoanguka kama ulivyonieleza mimi. Uniandikie ukishakirudisha kile kikasha ukutani, hata mstari mmoja, na uniambie mwenzako wa usiku amesemaje.